Mfupa wa Ishango
Watoto wa shule hapa Hamukungu waliniomba: "Kaka, tupeleke Ishango, Kongo." Nikawaambia, maji yenu yanafika huko kila siku. Yanatoka Ziwa George, yanapita Kazinga mpaka Ziwa Edward, na pale Ishango ndipo mto Semliki unapoanzia. Hapo, mwaka 1950, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mfupa wenye alama zilizochongwa kwa mafungu. Una miaka kama 20,000. Wengine husema ni hesabu, wengine kalenda ya mwezi. Sasa uko Brussels.

Mimi nimezaliwa upande ule, lakini nikivuka tu, ukimbizi wangu utaulizwa. Basi safari ikaishia ufukweni.

Mtoto mmoja akaniuliza: "Na ule mfupa, kaka, ulivuka na kadi gani?"