Jiwe Lililo Chini ya Jiwe Jeusi: Garneti ya Kisenge

Wasomaji wetu wamezoea kukuta habari za wafua shaba, wale walioitwa walya mukuba, ambao walijua kuchagua malakiti ya kijani katika vilima vya huku kwetu kabla ya ukoloni. Habari hizo ni zetu na hatuzichoki. Lakini Kisenge haiko upande wa shaba. Ukitoka Kolwezi na kufuata njia ya reli kuelekea Dilolo na mpaka wa Angola, yale mabwe ya kijani yanaisha, na Kisenge unakuta mabwe meusi yanayochafua mikono sawa vile makaa. Ni manganezi, inayotiwa katika chuma ili kiwe kigumu, na katika betri kavu za tochi na redio.

Jeusi kila mtu analiona. Lile lililolizaa ndilo watu wengi wanalipita bila kulitazama.

Chukua bonge kubwa, livunje kwa nyundo. Mara nyingine ndani hakuna weusi. Kuna chembe ndogo za mviringo, rangi ya chungwa au kahawia nyekundu, zimebanana pamoja na kwatzi. Hiyo ni garneti ya manganezi. Wataalamu wanaiita spesatini, kwa jina la milima ya Spessart kule Ujerumani. Garneti ni jamaa kubwa, lakini ndugu huyu wa manganezi hapatikani kila mahali, na mwamba mzima uliojengwa naye ni nadra zaidi. Mwamba wa namna hiyo unaitwa gonditi, jina alilolitoa mwanajiolojia Fermor mwaka 1909 kutokana na Wagondi, kabila la India ya kati. Basi jiwe la Kisenge lina ndugu yake mbali hivyo.

Wenzake wa chini ni rodokrositi, jiwe la waridi, ambalo si silikati bali ni kabonati. Mvua na hewa vilipowafikia hao wawili kwa mamilioni ya miaka, silika ikaenda na maji, manganezi ikabaki juu ikawa oksidi nyeusi. Ndiyo maana ukichimba chini zaidi, weusi unapungua na wekundu unaongezeka.

Namna ya kuwatambua haihitaji labo. Kisu cha chuma kinakwaruza jiwe la waridi bila shida. Garneti hakiikwaruzi, bali yenyewe inakwaruza kioo. Ukisaga rodokrositi na kudondosha asidi ya moto, inatoa povu. Garneti inanyamaza tu. Rodokrositi ikivunjika inaacha nyuso laini zinazong’aa, na garneti inavunjika ovyo. Pima pia kwa mkono: kipande cha garneti ni kizito kuliko kwatzi ya ukubwa uleule, karibu mara moja na nusu. Na jeusi lenyewe ulisugue kwenye kigae cheupe. Likiacha mstari mweusi ni manganezi. Likiacha mwekundu ni hematiti, jiwe la chuma. Mfua chuma wa Kichokwe asingeshangaa kusikia hivyo, maana kazi yake ilimtaka ajue jiwe kabla ya kuwasha moto.

Kwa nini tunakazia hili? Kwa sababu ya mzani. Spesatini safi ina manganezi karibu sehemu 1 ya 3 ya uzito wake, tena imefungwa ndani ya silika. Ile oksidi nzuri nyeusi inapita 60 kwa mia. Bonge lililopakwa weusi nje na kubaki garneti ndani linadanganya jicho. Mchimbaji analibeba mgongoni siku nzima, halafu mnunuzi analivunja na kumpunguzia bei ya mzigo wote. Yule anayejua kuvunja kwanza hapunjwi hivyo.

Ujuzi huu ulikuwa wa kila siku wakati karyeri ilipofanya kazi na madini yakishuka kwa reli hadi bandari ya Lobito. Reli ya Tenke hadi Dilolo ilikuwa imekwisha mwaka 1931. Mwaka 1975 vita vya Angola vikaikata njia ya Benguela, na Kisenge ikabaki na malundo ya madini yasiyo na pa kwenda. Watu wakatawanyika, na kwa maoni yetu hasara ya ujuzi ilikuwa kubwa kuliko ya mashini, kwani mashini hununuliwa. Miaka zaidi ya 40 ikapita kabla ya treni za madini kuanza tena kuvuka mpaka, mwaka 2018. Kijana aliyezaliwa katikati ya miaka hiyo amekua karibu na malundo yale bila mtu wa kumwonyesha ndani ya jiwe kuna nini.

Mzee aliye na vipande vyake nyumbani avitoe, aviweke mezani. Ila jiwe la waridi lisikae juani muda mrefu: litaanza kuwa jeusi usoni. Garneti haibadiliki hivyo. Hata baada ya miaka mingi juu ya kabati, chembe zake zitabaki na rangi ya chungwa.