Posho, likelemba na karata: namna familia za Kolwezi zilivyosimamiana

Wenzetu katika kitabu hiki wamekwisha kuandika juu ya ngoma, juu ya ndoa na juu ya kilio. Sisi tumechagua jambo ambalo watu hawapendi kulitaja mbele ya wageni: mutu anayepoteza franka za nyumba katika kamari, na namna ndugu zake wanavyomusimamia, yeye pamoja na bibi na watoto. Wengine watasema hiyo si desturi, ni ugonjwa wa vijana wa siku hizi na simu zao. Lakini ugonjwa una historia, na dawa nayo ina historia. Na ya kwetu, hapa Manika na katika kambi zote za Kolwezi, iko na mambo ambayo hayapatikani kila pahali.

Kwanza tutenganishe mchezo na kamari. Kisolo, ule ubao wa mashimo na mbegu ambao wazee Baluba walituachia, ni mchezo wa hesabu na wa macho. Aliyeshindwa anachekwa, kesho anarudi. Ili kamari iangushe nyumba, lazima nyumba iwe inaishi kwa franka, na franka ziingie katika mkono wa mutu mmoja kwa siku moja. Hali hiyo ililetwa huku na kazi ya shaba.

Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na muji wa Kolwezi ulianza kujengwa mwaka 1937. Wakati huo kampuni ilikuwa imekwisha kubadili mawazo juu ya wafanyakazi. Zamani ilikuwa inachukua vijana kwa miezi michache na kuwarudisha kwao. Kisha 1925 ikapendelea mwanaume mwenye bibi, akae na familia yake ndani ya kambi, azae watoto watakaokuwa wafanyakazi vilevile. Kwa hiyo malipo yalikuwa ya namna mbili: franka kidogo mkononi, na posho. Posho ilihesabiwa kwa vinywa, yaani bwana ana yake, bibi ana yake, watoto wana yao.

Hapo ndipo tunaona jambo ambalo wengi hawalifikirii. Posho ilikuwa kama ukuta kati ya karata na chungu. Bwana aliweza kumaliza franka zake zote, ikiwa kwa pombe au kwa karata, akarudi mifuko mitupu, lakini unga ulikuwa umekwisha kufika. Bibi aligombana naye, ndiyo, lakini watoto walikula bukari jioni ile. Hata wakati wa Gécamines, mufuko wa unga wa kila mwezi uliendelea kuwa nguzo ya nyumba, na wamama wa Musonoi, Kapata na Luilu wangali wanaukumbuka kuliko mushahara wenyewe.

Tusiisifu posho kupita kiasi. Kampuni haikuhesabu vinywa kwa mapendo. Ilihitaji migongo yenye nguvu. Mutu muzima aliangaliwa kama mutoto asiyejua kutunza franka. Na siku alipofukuzwa kazi alipoteza vyote pamoja, nyumba, posho na hospitali. Ukuta ulikuwa wa kampuni, si wake.

Kuta za watu wenyewe zilikuwa nyingine. Kulikuwa na vyama vya watu wa kabila moja au wa kijiji kimoja, ambavyo kazi yao kubwa ilikuwa kilio na ugonjwa, lakini wazee wa chama waliita pia mutu aliyeharibu nyumba yake. Kulikuwa na likelemba, na ingali iko: kila mumoja anatoa sehemu yake, na kila zamu mumoja anapokea yote. Watu wanaiita akiba ya masikini. Sisi tunaona ni zaidi ya akiba. Franka iliyo katika likelemba si ya bwana wala ya bibi mpaka siku ya zamu, na mutu mwenye mkono unaowasha hawezi kuifikia bila kupita mbele ya macho ya wenzake kumi. Haya ilifanya kazi ambayo kufuli haikuweza.

Sasa tufike kwa Jamaa, maana hapa Kolwezi haiwezekani kuandika juu ya nyumba na kuiacha. Padri Placide Tempels, Mufransisko wa Ubelgiji, alifika Kongo mwaka 1933. Wasomi wanamujua kwa kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu. Lakini watu wa Ruwe na Musonoi walimujua kwa namna ingine: kuanzia mwaka 1953 alikaa na wafanyakazi wa migodi na bibi zao, akasikiliza wanachotafuta katika maisha. Walimujibu kwa maneno matatu, uzima, uzazi na mapendo, na Jamaa ikajengwa juu ya hayo. Mutu hakuingia peke yake. Waliingia bwana na bibi, wakiongozwa na bwana na bibi waliowatangulia, wanaowaita baba na mama. Walikutana mara kwa mara, wakapeana mawazo, na bwana alifundishwa kumufungulia bibi yake moyo, yale ya aibu pia.

Jamaa haikuanzishwa kwa ajili ya wacheza kamari, na hatutaki kuigeuza. Baadaye maaskofu waliitilia mashaka, ugomvi ukatokea, lakini huo si wa kurasa hizi. Tunachotaka kionekane ni njia yake. Kamari inaishi kwa siri: mushahara unaofichwa, deni ambalo bibi halijui, televizyo iliyouzwa kisha kuitwa “iko ku fundi”. Mahali ambapo bwana na bibi wanakaa pamoja mbele ya wengine wawili wanaowaheshimu na kusema ukweli, siri haina pa kulala. Miaka michache tu baada ya Jamaa kuanza, mwaka 1957, kule Los Angeles katika Marekani, wacheza kamari walianza kikundi cha kukutana na kuambiana ukweli, Gamblers Anonymous, ambacho leo kiko katika inchi nyingi. Hawakujuana na watu wa Ruwe. Lakini ukiangalia, wale wa Marekani walianza na mucheza mwenyewe, ndugu wakafuata na kikundi chao. Huku kwetu bibi alikuwa ndani tangu siku ya kwanza.

Kisha kuta zikaanguka moja moja. Gécamines, iliyotoa karibu tani 470,000 za shaba katika miaka ya 1980, mwaka 1993 haikufikisha tani 50,000. Mugodi wa Kamoto ulikuwa umebomoka mwaka 1990. Mishahara ikakawia miezi na miezi. Ni wakati uleule, 1990 na 1991, ambapo Zaïre nzima ilikuwa inaongea juu ya Bindo: mutu anaweka franka zake kule Kinshasa, anaahidiwa kurudishiwa mara nyingi zaidi baada ya muda mufupi. Waliotangulia walilipwa kwa franka za waliofuata. Mwaka 1991 mambo yalikwama, na watu waliouza magari na hata nyumba wakabaki na karatasi. Bindo haikuitwa kamari, lakini ilifundisha watu somo lilelile, kwamba kazi ni ya wajinga na bahati ndiyo inayolipa.

Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka katika mupango ulioitwa “départ volontaire”. Kila mumoja alipewa franka kwa mara moja, na kwa wengi hazikufikia hata haki walizodai. Kwa mutu aliyeishi miaka ishirini kwa posho na mufuko wa unga, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kushika franka nyingi hivyo mkononi. Ziliisha haraka, kwa madeni, kwa biashara iliyokufa, kwa ndugu waliofika kutoka kila upande, na kwa wengine kwa karata. Watoto wao ndio waliokwenda kuchimba. Muchimbaji hana mwisho wa mwezi. Leo anapata, kesho hapana, na shimo lenyewe ni bahati nasibu: huyu amekuta mshipa, jirani amechimba mita ishirini bure. Mutu aliyezoea bahati ya namna hiyo tangu asubuhi, jioni meza ya pari ya mpira haimushangazi. Tena sasa meza iko ndani ya simu, hakuna anayemuona akiingia.

Waganga wa Marekani waliandika kamari katika orodha ya magonjwa ya akili mwaka 1980, na Shirika la Afya Duniani linaihesabu hivyo leo. Tunalisema hili juu ya wale wanaosema mara moja, “ni bashangazi njo bamemuloga”. Mutoto mudogo asishitakiwe ulozi kwa sababu baba yake amepoteza mushahara. Na mwenyewe asiitwe mwizi tu. Anahitaji watu wa kukaa naye.

Namna ya kukaa naye, wamama wengi wanaijua bila kitabu. Ndugu wasimulipie deni kila mara, maana deni lililolipwa kwa siri linazaa ingine. Wasimupe franka mkononi; kama ni masomo, walipe ku masomo, kama ni unga, walete unga. Tunajua likelemba za Manika ambazo zamu ya mutu wa namna hiyo hulipwa kwa bibi yake, yeye mwenyewe akiwa amekubali mbele ya wote. Ingine hununua mufuko wa unga siku ileile, na kinachobaki ndicho kinachogawanywa. Kwa mutu wa miaka sitini aliyekulia Kapata, mufuko huo hauhitaji maelezo. Anaupokea mulangoni, anaupima kwa mkono, na kuuliza kama ni kilo ishirini na tano kweli.