Malipo ya Zamu ya Usiku kwa Wahudumu wa Mapokezi Hotelini

Arusha hupokea watalii wanaoelekea Serengeti na Ngorongoro, na baadhi yao hufika hotelini usiku wa manane baada ya kutua Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro. Kwa sababu hiyo, wahudumu wa mapokezi hufanya kazi kwa zamu.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Sura ya 366, inaweka ukomo wa saa za kawaida kuwa 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Saa za ziada hulipwa si chini ya mara 1.5 ya mshahara wa msingi. Kila saa ya kazi kati ya saa 2:00 usiku na saa 12:00 asubuhi huongezewa angalau asilimia 5 ya mshahara huo. Bahashishi ya mgeni haichukui nafasi ya malipo hayo.

Mfanyakazi anashauriwa kutunza mkataba wake na nakala za ratiba ya zamu. Mgogoro wa kuachishwa kazi huwasilishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30. Migogoro mingine, yakiwemo madai ya malipo, ndani ya siku 60.