Hilo Tutalikuta Mbele

Historia ya elimu yetu huandikwa kwa maazimio. Leo, ndugu msomaji, niruhusu niiandike kwa kichekesho.

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, ilipokutana Musoma, iliazimia kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani. Watoto walikuwapo, na miembe ya kukalia chini yake ilikuwapo. Walimu ndio waliokosekana. Vyuo visingeweza kuwatoa wote kwa muda ule. Basi wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafunzwa ualimu huko huko vijijini kwa miaka mitatu: sehemu ya siku wakisomesha watoto, sehemu nyingine wakisoma wao, kwa msaada wa masomo ya posta na ya redio. Hao ndio walimu wa UPE. Wenye mzaha walizifasiri herufi hizo kuwa "Ualimu Pasipo Elimu".

Mwaka 1976, nikiwa nimetoka chuo cha ualimu si zamani, nilikabidhiwa wanane kati yao. Siku moja, baada ya kupalilia shamba la shule, niliwapa mapumziko. Punde nikasikia vicheko nyuma ya darasa, nikachungulia. Mmoja wao, mfupi mtundu, amesimama juu ya kisiki, kavaa miwani aliyoipinda kwa waya. Alikuwa mimi! Alikohoa kama mimi, akapandisha suruali kama mimi. Mwenzake akanyoosha kidole:

"Mwalimu, tukigawanya kwa sehemu, kwa nini tunaipindua?"

Yule wa kisikini akapangusa miwani, akatazama mbinguni, akasema: "Swali zuri sana. Hilo tutalikuta mbele."

Wenzake walivunjika mbavu. Nami nilicheka hata nikajifichua, na kufumba na kufumbua kisiki kikabaki kitupu.

Usiku sikucheka. Swali lile niliulizwa kweli wiki iliyotangulia, nami nililiahirisha kwa kuwa jibu sikuwa nalo. Chuoni nilikariri kanuni, nikapewa cheti. Mbele ya swali lile, mimi na wale waliochekwa tulikuwa sawa. Tofauti ni kwamba wao walithubutu kuuliza.

Asubuhi niliwaambia: "Jamani, sijui. Tutafute pamoja." Tukakata karatasi. Katika nusu mna robo ngapi? Mbili. Yule mfupi ndiye aliyeona kwanza: kizima kina robo nne, basi nusu ya kizima ina nusu ya nne, ndiyo maana robo hupinduka ikawa nne. Wakapiga makofi, mimi nikiwa wa kwanza.

Kwamba mpango ule ulikuwa na upungufu, sikatai. Ubora uliumia kwa haraka ile. Lakini niliongoza chuo cha ualimu hadi kustaafu, na kila mwaka wageni niliwasimulia habari ya kisiki. Niliwaambia mwanafunzi akikuiga, usikimbilie fimbo. Sikiliza kwanza anasema nini.