Ekari ya Hatua Sabini

Hapa Kibamba shamba hutajwa kwa ndimi mbili. Muuzaji husema ekari, mpima ardhi huandika mita za mraba, na baina yao hupotea udongo mwingi. Yafaa ikumbukwe jinsi jambo hili lilivyoanza.

Wazee wetu wa pwani walipima kwa shibiri, dhiraa na pima, yaani kwa mwili wa mtu. Wajerumani walipotawala walikuja na mita na hekta, vipimo vilivyokuwa vya sheria kwao tangu 1872. Waingereza, waliotwaa Dar es Salaam mwaka 1916, wakaleta vyao: futi, yadi, maili na ekari. Baada ya Uhuru wa 1961 Serikali ikarejea kwenye mita, lakini ndimi hazikurejea. Hata leo twafika Maili Moja kwa barabara ya kilomita, na utepe wenye mita twauita futi. Hayo hayamdhuru mtu.

Ekari ndiyo idhuruyo. Kwa Waingereza ekari ni yadi za mraba 4,840. Mtu akipiga hatua 70 kwa 70, nayo hatua yake ni yadi moja, hupata 4,900. Tofauti ni ndogo, na hesabu ni nyepesi kukumbuka. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ilipotoka kanuni yetu ya sabini kwa sabini. Mita ilipokuja, watu waliibadili hatua wakaiacha sabini palepale. Mita 70 kwa 70 ni mita za mraba 4,900, ilhali ekari ni 4,047 tu. Ziada ni 853: viwanja viwili vya mita 20 kwa 20, na vinabaki vijisehemu.

Zamani, penye mihogo na mikorosho mitupu, nani angehesabu? Sasa nyumba zimeifuata Barabara ya Morogoro, na mkulima auzaye ekari 3 kwa kanuni hiyo hutoa mita za mraba 14,700 kwa bei ya 12,141. Neno heka nalo lazidi kutatiza: huyu hulisema akikusudia ekari, yule husikia hekta, ambayo ni karibu ekari mbili na nusu.

Kwa hiyo katika hati za mauziano mita za mraba ziandikwe kwanza, kwa tarakimu na kwa maneno. Ekari ifuate nyuma.