Bingwa wa nini? Kutoka mbina za Usukumani hadi daftari la madaktari

Baada ya mavuno, kati ya Juni na Agosti, Usukumani ni msimu wa mbina. Vikundi viwili vinacheza uwanja mmoja, siku moja, muda uleule, na mshindi ni aliyevuta watu wengi upande wake. Upande mmoja ni Bagika, mwingine Bagalu. Wazee wanasimulia kuwa mambo yalianza na waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waliobishana nani ana dawa kali kuliko mwenzake. Ubishi ukahamia uwanjani. Watu wakikimbilia kwako, basi dawa yako inafanya kazi.

Usicheke, ndugu msomaji. Hao wawili walikuwa wanajibu swali ambalo kila mgonjwa analo mpaka leo: mimi sijasomea utabibu, nitamjuaje anayejua? Jibu lao lilikuwa: tazama umati. Shida ni kwamba umati unaweza kuwa umefuata ngoma tu.

Kwingineko walijaribu njia nyingine: wenye kazi wapimane wenyewe, na majina yaandikwe kwenye daftari. Uingereza ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 1858. Daftari lile lilikuambia nani ni daktari, ila halikukuambia nani anajua macho na nani anajua mifupa. Huko Marekani daktari yeyote aliweza kutundika kibao cha "mtaalamu wa macho" na kuanza kazi kesho yake. Madaktari wa macho wenyewe ndio waliochoka. Mwaka 1916 wakaunda bodi ya kuwapima wenzao, ya kwanza ya aina yake nchini humo, fani nyingine zikafuata, na mwaka 1933 bodi hizo zikaundiwa chombo cha pamoja. Tangu hapo huko kuna karatasi mbili tofauti: leseni ya serikali inayokuruhusu kutibu, na cheti cha bodi kinachosema wenzako wa fani wamekupima ukafaulu.

Kwetu daftari lilikuja na sura nyingine. Makerere ilianza kufundisha utabibu miaka ya 1920, na vijana wa Tanganyika walikwenda kusoma huko. Walirudi, wakatibu, wakapasua. Lakini baraza la madaktari la Uingereza lilikuja kuitambua stashahada yao mwaka 1957 tu. Kabla ya hapo mtu kama Dk. Vedasto Kyaruzi, msomi wa Makerere aliyekuwa rais wa TAA mwaka 1950, alihudumia wagonjwa kwa cheti kilichohesabiwa pungufu. Yaani daftari linaweza kumlinda mgonjwa, na linaweza pia kuwa uzio wa kuwaweka watu nje. Mimi binafsi nikisikia watu wanasifia vyeti, huwa nakumbuka hilo kwanza.

Chuo cha madaktari kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963. Kanda ya Ziwa ikapata Bugando mwaka 1971, na chuo chake mwaka 2003. Katikati ya miaka hiyo yote, upasuaji mwingi wa uzazi kwenye hospitali za wilaya ulifanywa na madaktari wasaidizi, sio mabingwa, na wakaokoa akina mama wengi. Kwa hiyo asiye bingwa si lazima awe hajui kazi. Ubaya unaanza pale anapojiita asichokuwa.

Na lugha yetu inasaidia kuchanganya mambo, jamani. Mganga Mkuu wa Mkoa ni daktari aliyesomea chuo kikuu. Mganga wa jadi ana baraza lake chini ya sheria ya mwaka 2002. Tabibu si daktari kwa cheo, ila kijijini wote wanaitwa "dokta", pamoja na muuza duka la dawa.

Ngazi zenyewe Tanzania Bara ziko hivi. Miaka mitano ya shahada, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo kwa usajili wa muda, ndipo usajili kamili. Anayetaka ubingwa anarudi darasani na wodini miaka mitatu au zaidi. Mwenye daftari ni Baraza la Madaktari Tanganyika. Ndiyo, Tanganyika: afya si jambo la Muungano, Zanzibar wana baraza lao. Sheria inayoliongoza ni ya mwaka 2017. Hatuna bodi ya kila fani kama Wamarekani. Kwa wapasuaji, kinachokaribia ni chuo cha wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa 1999, chenye mtihani mmoja kwa nchi nyingi.

Simiyu ilizaliwa mwaka 2012. Kabla ya hapo mtu wa Bariadi alihesabiwa Shinyanga, na akitaka bingwa alipanda gari kwenda Mwanza. Leo ipo hospitali ya rufaa ya mkoa pale Nyaumata, na kuanzia 2024 kambi za madaktari bingwa wa Mama Samia zimekuwa zikifika halmashauri zote. Neno "bingwa" limekuwa maarufu, na kila kitu maarufu kinapata wa kukiigiza.

Shangazi yangu, mkazi wa Itilima, alikuwa na uvimbe shingoni. Kituo kimoja binafsi kikamwambia bingwa atakuja Jumamosi kuutoa, alipie kabla. Nikapiga simu.

"Dada, huyo ni bingwa wa nini?"

"Wa mambo yote, kaka."

Nikaomba namba yake ya usajili. Simu ikakatika, na nilipopiga tena haikupokelewa. Shangazi akaninunia wiki nzima, maana hela ya pamba ilikuwa tayari mkononi. Mwishowe akapanda basi la Mwanza kupitia Lamadi. Anasema alipoingia chumba cha daktari, kabla hata ya kukaa, alimuuliza yule kijana, "Mwanangu, wewe ni bingwa wa nini?"

"Upasuaji, mama. Karibu ukae."