Kabla Ujaze Pool Kitui ama Makueni, Pima Maji ya Mfereji Kwanza

Kuchimba shimo, kupiga plasta na kuweka vigae ni kazi ya fundi. Kwa maji ndio wasee wengi huchomeka. Pool ndogo ya mita 8 kwa 4, yenye kina cha wastani cha mita 1.5, inameza lita 48,000. Hiyo ni mitungi 2,400 ya lita 20, ama karibu boza 5 za lita 10,000.

Sasa fikiria umejaza yote halafu ndio unagundua maji ni mabaya. Hakuna pa kuyarudisha, ni kuyamwaga tu. Na huku Ukambani, kumwaga maji hayo yote wakati majirani wamepanga mitungi kwa foleni ni noma. Pima lita 1 kabla ulipie 48,000.

Maji yako yanatoka wapi?

Maji ya Kitui na Makueni hayafanani. Kitui mjini kuna bomba linalotoka bwawa la Masinga, Mwingi wanapata ya Kiambere. Haya ni maji ya mto Tana yaliyosafishwa, lakini mvua ikichapa yanaweza kuja na matope. Upande wa Emali na Sultan Hamud kuna bomba la Nol-Turesh, la chemchemi za chini ya Kilimanjaro.

Halafu kuna visima virefu vya kuchimbwa na mashine. Sehemu kubwa ya Ukambani imekaa juu ya mwamba wa zamani sana, na maji yake mara nyingi huwa na chumvi. Dalili unazijua: sabuni inakataa kutoa povu, na sufuria ya chai inashika ukoko mweupe ndani. Ukiona hivyo kejani, pool yako pia itashika ukoko.

Pima hizi tano

1. pH. Inafaa kuwa kati ya 7.2 na 7.8. Ikipanda sana, klorini inalegea: unaimwaga kwa wingi na bado maji yanageuka kijani. Ikishuka sana, macho yanawasha na vyuma vinalika.

2. Alkalini. Hii ndiyo hushikilia pH isirukeruke. Lenga miligramu 80 hadi 120 kwa lita.

3. Ugumu wa maji, yaani kalsiamu. Pool ya simiti inataka miligramu 200 hadi 400 kwa lita. Ikizidi, maji yanakuwa na ukungu na vigae vinashika ukoko.

4. Chuma na manganizi. Maji yanaweza kutoka safi kabisa kwa mfereji, halafu ukitia klorini yanageuka rangi ya chai ama meusi.

5. Jumla ya chumvi. Ikiwa juu toka mwanzo, ngazi ya chuma na pampu hazitadumu.

Namna ya kupima

Fungua mfereji ule ule utakaojazia, uache maji yatiririke kama dakika 3. Maji hayo yakinge kwa ndoo, usiyapoteze. Chukua chupa safi ya plastiki, isuuze mara 3 na maji hayo hayo, ijaze hadi juu, ifunge. Usichukue ya tangi, maji yaliyokaa yanadanganya.

Vijikaratasi vya kupimia vinavyouzwa na maduka ya dawa za pool vitakupa pH, alkalini na ugumu. Kwa chuma na chumvi, peleka chupa maabara. Anza kwa kuuliza kampuni ya maji ya eneo lako. Kama unajaza na boza, pima kila boza, kwa sababu dereva anaweza kuchota kwingine safari ya pili.

Kuna na jaribio la bure: jaza ndoo nyeupe, tia klorini kidogo, iache hadi asubuhi. Ikibadilika rangi, usijaze bado.

Na majibu yakiwa mabaya?

pH na alkalini hurekebishwa na dawa, hiyo si stori. Chuma unaweza kukichuja kabla maji yaingie. Mwenye kusumbua ni ugumu: njia ya kawaida ya kuushusha ni kuchanganya na maji laini, na hapo ndipo mvua inakuokoa.

Chukulia kisima chako kina ugumu wa 600. Maji ya mvua yana karibu sufuri. Changanya lita 32,000 za kisima na 16,000 za mvua, unashuka hadi 400. Mabati ya mita mraba 200 hukupa kama lita 2,000 kwa kila milimita 10 za mvua. Kwa hivyo panga ujenzi umalizike kabla ya mvua ya Oktoba hadi Desemba, ambayo huku ndiyo ya kutegemewa zaidi, na uwe na matangi tayari.

Mambo mawili ya mwisho. Kama maji ni magumu, nunua klorini ya maji, si ile ya unga yenye kalsiamu, kwa sababu hiyo inaongeza shida. Na funika pool. Jua likinyonya milimita 5 kwa siku, umepoteza lita 160, yaani mitungi 8, na chumvi yote inabaki ndani. Kila ukiongezea maji ya kisima, chumvi inazidi kupanda. Kifuniko kitakusaidia kuliko dawa yoyote utakayouziwa.